Mti wa Basili na Lambo la Majembe

Evaline hakuwa na ng'ombe wa kulimia. Hakuwa na baiskeli, wala punda wa kubeba mzigo. Hakuwa na simu, maana aliyokuwa nayo ilitumbukia kisimani, na kisima hakirudishi. Hakuwa na kaka wa kumsemea mikutanoni. Hakuwa na mume. Mume wake, Basili, alilala Katesh ili awahi kuuza vitunguu asubuhi, na alfajiri hiyo mlima Hanang ukaporomoka. Tope likamkuta Jorodom, pale pale Katesh. Na mwaka huu tunaousimulia, kiangazi kilipofika katikati, Evaline hakuwa na maji.

Kitu kimoja alikuwa nacho tele, hata majirani walimwambia akigawe. Alikuwa na maswali.

Evaline aliishi na mama mkwe wake, Bibi Fransiska, na binti yake Kornelia, katika kitongoji kimoja cha kata ya Tumati, wilayani Mbulu. Kila asubuhi alikamua mbuzi, akachemsha uji, akamtazama Kornelia mpaka alipopotea kwenye kona ya kwenda shule. Kisha alitia jembe begani akashuka shambani. Shamba lilikuwa nusu eka ya vitunguu saumu. Hivyo ndivyo vilivyonunua madaftari, chumvi na sabuni. Na vitunguu hivyo vilikunywa maji ya lambo.

Lambo hilo liliitwa Lambo la Majembe. Babu za watu wa pale walilichimba kwa majembe tupu, bila trekta na bila mhandisi. Walikinga kijito kwa tuta refu, yaani ukuta wa udongo. Masika maji yalijaa nyuma ya tuta. Kiangazi watu waliyafungulia kwenye geti dogo la chuma, yakashuka mferejini, kila shamba kwa zamu yake.

Juu ya tuta ilisimama mikaratusi mirefu, imejipanga kama waumini kwenye maandamano. Hiyo ndiyo miti ya kipaimara. Kwa desturi ya pale, kila mtoto aliyepata kipaimara alipanda mkaratusi mmoja juu ya tuta. Wazee walisema, "Mti ulilinde lambo, na lambo limlinde mtoto." Kila mti ulikuwa na mwenyewe. Wa Mzee Bura ulikuwa mnene kama pipa. Wa Basili ulikuwa karibu na geti.

Kila Jumapili baada ya misa, Bibi Fransiska alipita pale akaugusa mti wa mwanawe kwa kiganja, kama anayempima mtoto homa. Kaburi la Basili lilikuwa nyuma ya nyumba. Lakini bibi alisema, "Kaburini amelala. Hapa amesimama."

Na Kornelia naye alikuwa kwenye mafundisho ya kipaimara mwaka huo. Mche wake wa mkaratusi ulikuwa tayari, umepandwa kwenye kopo la rangi mlangoni.

*

Lambo lilishuka upesi kuliko mwaka uliotangulia. Vitunguu vilikuwa bado havijajaza vichwa, na majani yalishaanza kuungua ncha. Mzee Bura, mwenyekiti wa jumuiya ya watumia maji, akaitisha mkutano kando ya lambo.

"Mwizi tunaye," alisema. "Nani hajamwona Gidahosh akizunguka hapa na ng'ombe wake asubuhi?"

Gidahosh alikuwa mfugaji aliyehamia kutoka Hirbadaw, wilaya ya Hanang. Hakuwepo mkutanoni. Hakuna aliyemwita.

"Mimi nimewaona," akasema mtu mmoja. "Wanashuka matumbo yamebana, wanapanda yamejaa kama ngoma!"

Watu wakacheka. Evaline akanyoosha mkono.

"Haya, Mama Kornelia," Mzee Bura akasema akikuna kidevu. "Nilijua hatutafunga mkutano bila wewe."

"Shikamoo, Mzee Bura."

"Marahaba. Uliza, jua linapanda."

"Kuna mtu amewaona ng'ombe wale wakinywa ndani ya lambo?"

"Tumewaona wakitoka."

"Wakitoka wapi?"

"Wakitoka huko! Unataka tumshike Gidahosh kwa mdomo wa ng'ombe?"

Watu wakacheka tena. Wakaamua kwamba Gidahosh asikanyage tena kwenye lambo. Mzee Bura akaendelea. Alisema kuna tangazo limebandikwa ofisi ya kata. Shamba moja kubwa la mbegu, lililoko chini kwenye kijito hicho hicho, limeomba kibali cha kutumia maji. Bodi ya maji ya bonde inawataka watu wote wanaotumia kijito wajitokeze kabla ya kibali kutolewa.

"Hilo halituhusu," Mzee Bura akasema. "Lambo letu halina karatasi kwa sababu lilizaliwa kabla ya karatasi. Maji ya babu yako utayaombea kibali kwa nani?"

Wakampigia makofi. Evaline hakupiga. Aliondoka na maswali mawili kichwani. Maji ya lambo yanakwenda wapi? Na hao wenye shamba la mbegu wakipewa kijito, sisi tutabaki na nini?

*

Jioni hiyo Evaline alimfuata Mzee Bura nyumbani kwake.

"Mzee, naomba geti lifungwe mpaka keshokutwa, ufunguo ukae mfukoni mwako."

"Kwa nini?"

"Gidahosh mmeshamzuia. Geti likifungwa, maji hayana sababu ya kupungua. Nataka nione kama yana adabu."

Mzee Bura akatikisa kichwa, lakini geti akalifunga. Alikuwa mtu wa maneno mengi, si mtu wa roho mbaya.

Jua lilipozama, Evaline alichomeka kijiti ukingoni mwa lambo, akakikata alama kwa kisu pale maji yalipofikia. Asubuhi akarudi. Maji yalikuwa chini ya alama, upana wa kidole.

Akasimama akikitazama kijiti. Geti lilikuwa limefungwa. Jua halikuwako. Ng'ombe walikuwa wamezuiwa. Akakata alama nyingine, akasubiri tena. Kesho yake maji yalikuwa yameshuka vilevile.

"Maji hayana miguu," akajisemea. "Lakini njia yanayo."

Akapanda tuta, akashuka upande wa pili ambao watu hawakuwa na sababu ya kwenda. Huko nyasi zote zilikuwa kavu, rangi ya mkate. Lakini chini kabisa mwa tuta kulikuwa na ukanda wa majani mabichi. Udongo ulizama chini ya nyayo zake. Chura akaruka. Mbele yake kulikuwa na dimbwi la maji maangavu, na ndani ya dimbwi kulikuwa na midomo ya ng'ombe. Gidahosh alikuwa ameegemea fimbo yake.

"Umekuja kunifukuza, Mama Kornelia?"

"Nimekuja kuuliza."

"Hilo ni jipya. Wengine huja na majibu."

"Ng'ombe wako wanakunywa hapa?"

"Hapa tu. Juu kule kuna tope. Ndama wangu alinasa nikamtoa kwa kamba. Sirudi tena. Haya maji ni safi, tuta limeyachuja."

"Yanatoka tangu lini?"

"Nilipohamia yalikuwa kama machozi. Sasa unayaona, ni kama mkojo wa fahali."

Evaline akacheka bila kutaka. "Mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza? Mtu aliyehamia hafungui mdomo kabla hajapewa kiti."

Evaline akainama, akafuata maji kwa kidole mpaka mahali yalipochomoza kwenye udongo. Kisha akainua macho. Juu yake, sawasawa na pale, ulisimama mti wa Basili.

Aliona jambo ambalo hakutaka kuliona.

*

Kesho yake alikwenda ofisi ya kata kulisoma lile tangazo kwa macho yake. Mlangoni alimkuta dada mmoja akivua helmeti juu ya ushungi wake. Aliitwa Zulfa Shumbana. Wazazi wake ni wafanyabiashara wa Katesh, na yeye ni fundi sanifu wa umwagiliaji wa wilaya. Alikuwa amekuja kuzungukia mifereji ya kata hiyo.

Evaline akamweleza yote: kijiti, dimbwi, mti. Zulfa alisikiliza mpaka mwisho, kisha akavaa tena helmeti.

"Panda pikipiki," akasema. "Hilo dimbwi lako nalitamani."

Mzee Bura alipowaona wakichimba nyuma ya tuta, alikuja mbio, na watu nyuma yake. Zulfa alimwamkia, akampa jembe.

"Chimba hapa, mzee. Taratibu."

Mzee Bura akachimba. Jembe likagonga mzizi mnene. Ulikuwa umeoza katikati, na maji yalikuwa yakipita ndani yake kama ndani ya bomba.

"Mungu wangu," akasema Mzee Bura.

"Mkaratusi unakunywa sana," Zulfa akaeleza. "Hilo ni moja. Baya zaidi ni mizizi. Inalitoboa tuta kufuata maji. Mzizi ukifa, unaacha tundu. Maji yanaingia tunduni, yanabeba udongo kidogo kidogo, tundu linapanuka. Leo linapita kidole. Masika moja litapita ngumi. Baada ya hapo hamtakuwa na lambo, mtakuwa na korongo."

"Lakini miti inaleta mvua!" akasema mtu. "Tulifundishwa tupande miti!"

"Na mlifundishwa vizuri. Pandeni kwenye miinuko kule juu, izuie udongo usije lamboni. Juu ya tuta pandeni nyasi, maana mizizi yake ni mifupi, inalishika kama kitambaa. Mti ni mzuri. Mahali ndipo pabaya."

Evaline akauliza, "Na tope lililomo ndani ya lambo?"

"Swali zuri. Chukua mtungi, utie mawe mpaka nusu, halafu ujaze maji. Unajaa upesi, sivyo? Unaisha upesi pia. Lambo lenu limejaa tope zaidi ya nusu."

"Kwa hiyo Gidahosh hakuiba," Evaline akasema kwa sauti ya kusikika na wote.

Mzee Bura akakohoa. Akamtazama Gidahosh aliyekuwa amesimama mbali na fimbo yake.

"Gidahosh! Sogea hapa. Unasimama mbali kama mdaiwa." Kisha akaongeza kwa sauti ndogo, "Tulikukosea."

Gidahosh akasogea. Mtu akampisha kwenye jiwe, akakaa.

*

Wakakaa wote kivulini mwa tuta, na Mzee Bura akamwuliza Zulfa kuhusu kibali.

"Lambo hili tulilichimba wenyewe. Kwa nini tuombe ruhusa?"

Zulfa hakumjibu moja kwa moja. "Mzee, hapa kwenu mtu asiyejiandikisha zamu ya mfereji anapata maji?"

"Hapati."

"Hata kama baba yake alichimba mfereji?"

"Hata kama aliuchimba peke yake! Zamu ni zamu. Bila hivyo tungekatana mapanga."

"Basi na kijito kina zamu yake. Ni kirefu kuliko mfereji wenu, na watu wake ni wengi kuliko mkutano huu. Lambo ni jasho lenu, hakuna anayelikana. Lakini maji yanayoingia ni ya Watanzania wote, na serikali inayasimamia kwa niaba yao. Bodi ya bonde ndiyo inayopanga nani achukue kiasi gani, mahali gani na kwa kazi gani. Hicho ndicho kibali. Wenye shamba la mbegu wameomba zamu. Hawajakosea. Ninyi hamjaomba. Bodi ikipima kijito, itawahesabu vipi watu isiowajua?"

Mzee Bura alikuwa amefungwa kwa kamba aliyoisokota mwenyewe.

"Tuombe basi. Leo."

"Ngoja kwanza, mzee. Mtaomba mhifadhi maji kiasi gani?"

"Lambo zima!"

"Lambo zima la babu, au hili la leo lenye tope? Bodi itauliza lambo linabeba kiasi gani, na itakuja kupima. Mkionyesha mtungi wenye mawe, mtapewa maji ya mtungi wenye mawe. Kwa hiyo yaende pamoja. Tengenezeni lambo, zoeni tope, na muombe kibali cha kulipanua. Ombeni kuhifadhi maji ya masika, wakati kijito kimejaa na hakuna anayeyapigania. Hapo hata jirani yenu wa shamba la mbegu hataumia."

Vijana wakasimama. "Tope tutalizoa wote pamoja, kwa msaragambo! Na tuta tutaliinua wiki hii hii!"

"Tope, ndiyo. Tundu kuliziba, ndiyo. Kuinua tuta, hapana. Si kabla ya michoro ya mhandisi na kibali. Tuta likiinuliwa ovyo, maji mengi yatakaa nyuma ya ukuta dhaifu. Na utoro wenu ni mdogo."

Utoro ni ile njia iliyo ubavuni mwa lambo, inayopitisha maji ya ziada lambo likifurika. Ya Lambo la Majembe ilikuwa nyembamba, punda wawili wasingepishana.

"Na mizizi?" Evaline akauliza. Sauti yake ilikuwa chini.

Zulfa akaitazama mikaratusi. "Miti yote ya juu ya tuta itoke. Na mizizi ichimbuliwe, kisha mashimo yajazwe udongo wa mfinyanzi na kushindiliwa. Mkiikata na kuacha mizizi, itaoza, nayo itaacha matundu mengine."

Mzee Bura alitazama mti wake mnene. Kila mtu alitazama wake.

Kutoka nyuma ya watu, Bibi Fransiska akasimama. "Mwanangu mlima umeshamchukua," akasema. "Mti wake hautachukuliwa na mtu mwenye pikipiki."

Akafunga kanga yake kiunoni, akaondoka.

*

Jioni Bibi Fransiska hakugusa makande. Evaline naye alikuwa akiyageuza tu sahanini.

"Mama," akasema mwishowe. "Nami ule mti naupenda."

"Usingemleta yule binti."

"Nisingemleta, tusingejua."

"Kuna mambo ni afadhali kutoyajua." Bibi akasukuma sahani. "Wanataka lambo kubwa. Wewe ulikuwa Jorodom tulipokwenda kumtafuta. Uliona maji na udongo vikichanganyika vinafanya nini. Sasa wanataka kuyaweka maji mengi juu ya nyumba yangu, na wewe unauliza maswali kama mtoto anayechezea moto."

Evaline alikuwa na swali, akaogopa kuliuliza. Kisha akaliuliza.

"Mama, tuta likipasuka hivi lilivyo, maji yatapita wapi?"

Bibi Fransiska akanyanyua uso. Akatazama nje ya mlango, kwenye mteremko unaotoka kwenye lambo. Nyumba yao ilikuwa mwanzoni kabisa.

Asubuhi wakaenda wawili nyuma ya tuta. Bibi akapiga magoti kwenye udongo laini, akatia mkono pale maji yalipotoka. Yalikuwa baridi. Akayakinga kiganjani, na yalipovuja kati ya vidole yaliacha chembe za udongo.

"Linabomoka," akasema taratibu. "Mti unalibomoa tuta, na tuta litatubomoa sisi."

"Ndiyo, mama."

"Basili hakutaka hivyo."

"Hakutaka."

Bibi akajifuta mkono kwa kanga. "Mwite huyo mwenye pikipiki. Na mimi nina maswali."

Tangu siku ile watu wa kitongoji walisema kwamba maswali ya Evaline ni ya kuambukiza. Bibi Fransiska alimzungusha Zulfa kwenye lambo lote, mkongojo mkononi. Mvua ikiwa kubwa kuliko zote, maji ya ziada yatapita wapi? Utoro utakuwa mpana kiasi gani? Utajengwa kwa nini, udongo au mawe? Yakitoka kwenye utoro yatakwenda kwa nani? Nani atalikagua tuta, na kila wakati gani?

"Shikamoo, bibi," Zulfa akasema akifuta jasho. "Ungekuwa mhandisi, mimi ningekosa kazi."

"Marahaba. Usinisifu, nijibu."

Zulfa akamjibu moja baada ya lingine. Alimwonyesha kwamba utoro ukipanuliwa na kujengwa kwa mawe, maji ya ziada yatateremka upande wa miamba na kurudi kijitoni, mbali na nyumba. Alimweleza kwamba tuta hukaguliwa kabla ya mvua, wakati wa mvua na baada ya mvua. Ufa, unyevu mpya, shimo la panya, maji yanayotoka na udongo, yote hutolewa taarifa siku hiyo hiyo.

"Basi sharti langu ni hili," bibi akasema mbele ya Mzee Bura na watu wote. "Utoro wa mawe kwanza. Tuta lisiinuliwe hata kwa kiganja kimoja cha udongo kabla ya utoro kuisha. Na iandikwe."

"Iandikwe," akasema Mzee Bura.

"Na mti wa Basili uanze."

Ulikatwa asubuhi. Bibi Fransiska alisimama mpaka ulipolala chini. Akauliza, "Mnautia wapi? Kuni hauwi."

Evaline alikuwa amelifikiria hilo usiku kucha. "Mama, kile kijiti changu ni chembamba. Lambo linahitaji nguzo ya kupimia maji."

Bibi akaupapasa mti uliolala. "Kumbe ataendelea kusimama," akasema.

*

Mzee Bura aliukata wa kwake kwa mkono wake, huku akilalamika kwamba kipaimara chake kimefutwa. Mizizi ikachimbuliwa. Jumuiya ikashika msaragambo, kila kaya kwa siku yake. Tope la lambo halikutupwa. Watu walilipeleka mashambani, na punda wa Gidahosh ndio waliolibeba.

Walipofika kwenye kushindilia mashimo, vijana walipiga udongo kwa magogo mpaka mikono ikapata malengelenge. Gidahosh akawatazama, akapiga mluzi. Ng'ombe wake wakapanda juu ya tuta, wakazunguka juu ya udongo wa mfinyanzi uliolowanishwa kidogo, nyuma na mbele. Kwato zikaukaza.

Zulfa akauchoma kwa ufito wa chuma. Haukuingia kirahisi.

"Weka tabaka lingine," akasema. "Jembamba, wakanyage tena. Kazi ikiisha, ng'ombe wasirudi juu ya tuta. Tutatoa bomba dogo tuwajengee birika lao kule chini."

"Mmesikia?" Gidahosh akawaambia ng'ombe wake. "Mmeajiriwa, na mshahara ni birika."

Mwaka ule vitunguu havikushiba maji. Waligawana yaliyobaki, na Evaline alivuna vichwa vidogo. Lakini mvua za kwanza zilipokuja, lambo lililozolewa tope likameza maji mengi, na nyasi zilizopandwa juu ya tuta zikaota. Nguzo ya Basili ilisimama majini, imekatwa alama safi. Evaline aliisoma jioni geti likiwa limefungwa, akaisoma tena asubuhi. Maji yalikuwa palepale. Akashuka nyuma ya tuta. Palikuwa pakavu kama sakafu, na chura alikuwa amehama.

Kornelia naye alipata kipaimara. Alipanda mti wake kule juu kwenye mwinuko, pamoja na wenzake, si mkaratusi bali mti wa asili ambao bibi yake alimchagulia.

Mwaka wa pili lambo halikukauka mpaka vitunguu vilipokomaa. Vilijaa vichwa vikubwa, vikajaza ukumbi wa nyumba ya Evaline mpaka mbuzi wakakosa pa kulala. Wakati huo maombi yao bodi ilikuwa inayajua. Zulfa alikuwa amewasaidia kujaza fomu ndani ya muda wa tangazo, na watumishi wa bodi walikuwa wamefika kutazama kijito. Sasa bodi ilitaka mambo ya mwisho, yaani vipimo vya lambo, michoro ya mhandisi na barua ya jumuiya. Utoro wa mawe ulikuwa umekamilika. Tuta lilikuwa linasubiri kibali.

Wakakutana nyumbani kwa Evaline kuandika barua. Mzee Bura alitaka ianze na historia ya babu zake.

"Mzee, bodi wana kazi nyingi," Zulfa akasema.

"Mstari mmoja tu!"

Wakampa mstari mmoja. Mingine yote ilisema jumuiya ni ya nani, lambo liko wapi, linabeba kiasi gani leo kwa nguzo iliyopimwa, litabeba kiasi gani likipanuliwa, na kwamba wanaomba kuhifadhi maji ya masika. Mwishoni wakaandika sharti la Bibi Fransiska, neno kwa neno. Mzee Bura akatia sahihi. Gidahosh, ambaye sasa alikuwa mjumbe wa kamati, akatia dole gumba.

Michoro ikakunjwa, ikatiwa kwenye bahasha kubwa pamoja na barua. Bahasha haikufungika. Gundi yake ilikuwa imekauka zamani, na kila ilipobanwa ilifunguka kama mdomo wa mtu anayetaka kuongea.

"Nani ana gundi?" Mzee Bura akauliza.

Hakuna aliyekuwa nayo. Nje basi la kwenda mjini lilishaanza kupiga honi.

Evaline akavunja kichwa cha kitunguu saumu, akamenya punje moja, akaiponda kwa upande wa kisu. Akapaka utomvu wake kwenye ukingo wa bahasha. Bibi Fransiska akaweka kiganja chake juu, akabana, akahesabu kimoyomoyo kama anayempima mtoto homa. Alipotoa mkono, bahasha ilikuwa imeshika.

"Watajua ilikotoka kabla hawajaifungua," akasema Gidahosh akiziba pua.

Evaline akaichukua akakimbia nayo barabarani, akampa kondakta mkononi, akasubiri mpaka aone ameiweka kwenye mkoba wake. Basi likaondoka. Akalitazama mpaka lilipoishia kwenye kona. Kisha akapitia lamboni, akasoma nguzo.